Deni la Alfajiri

Miaka mitatu gari yangu ikiamka na kikohozi:
kra-kra-kra, kama mtu anatikisa njugu koponi,
kisha mafuta yakishapanda, inanyamaza.
Nikasema utu uzima huo. Nani asiyekohoa asubuhi?
Nikapakia mabeseni ya vitumbua, vyetezo na vitambaa,
nikashika njia ya soko la Jumatano, Ibra,
wanawake kwa wanawake, tukauziana mpaka jua likatufukuza.

Muhenna, mwanangu: "Uza, mama. Nunua yenye skrini."
Pikapu ya mwaka themanini na tisa!
Rangi ilikuwa ya maziwa, leo ni ya chai ya maziwa.
Kovu la mlango wake analo kwenye paji, haoni haya.

Basi wiki iliyopita kikohozi hakikunyamaza.
Kilinifuata njia nzima hadi Sinaiya.
Shafiqul akatega sikio juu ya injini
kama anayesikiliza uongo wa mtoto,
akazima ufunguo bila ya kuniuliza.

Kiswahili tumemfundisha sisi, wateja wake,
wala hatukumfundisha vizuri:
anajua kuhesabu, anajua "pole", anajua "kesho",
na tusi moja la Ng'ambo asilolijua maana.
"Pole, Mama Muhenna. Cheni. Kesho."

Kesho yake nilikuwapo kabla hajafungua.
Akamwaga maji, akatoa rejeta, feni, pampu.
Boliti ya puli ikakataa,
ikabembelezwa kwa bomba refu na bismillahi mbili,
ikatoka kwa lile tusi.
Kila boliti aliichomeka kwenye kadibodi, mahali pake,
na jina lake kwa Kibangla.
Mimi nilipewa taa. Mkono ukafa ganzi, nikanyamaza.

Kifuniko kilipotoka tukatazamana.
Reli za plastiki zilizokuwa zikiishika cheni isiyumbe
zilivunjika siku nyingi,
vipande vimelala kwenye sampu kama kokwa za tende.
Nayo cheni, imekosa wa kuiegemea,
ikawa inaulamba ukuta, asubuhi baada ya asubuhi,
mpaka imechimba mfereji kwenye aluminiamu.
Akapitisha ukucha. "Hapa nyuma, maji."
Ukuta umebaki ganda la yai.

Akazitundika mbili kwenye msumari mmoja, kuukuu na mpya.
Kuukuu ilikuwa ndefu zaidi, kwa nusu ya kiungo.
Nikacheka peke yangu: chuma kikichoka hurefuka,
na mimi kila nguo yangu ya zamani inaburura.

Halafu ikaja saa ya kutosema.
Kiungo kinachong'aa kwenye nukta ya gurudumu la juu,
kingine kwenye nukta ya chini.
Likikosewa jino moja
injini itavuta pumzi pasipo wakati wake.
Akazungusha kwa spana, taratibu, "moja… mbili…"
akachungulia alama, akanipa spana mimi.
"Mama. Wewe."
Nikazungusha. Uzito ukapanda, ukapanda, ukaachia.
Miaka yote ile nimeiendesha,
sikuwahi kuishika pumzi yake mkononi.

Juzi alfajiri nikawasha.
Kimya. Nikashuka kutazama kama feni inazunguka.

Jioni Bi Shinuna, jirani wa ukuta kwa ukuta,
kagonga mlango, uso kaukunja.
"Gari umeiuza?"
"Ipo."
"Basi mbona haikuniamsha? Adhana siisikii kwa kiyoyozi kile,
miaka mitatu nnaamka kwa kikohozi chake.
Leo nimefumbua macho jua limo chumbani.
Alfajiri yangu nakudai."

Cheni kuukuu sikuitupa.
Imo ndani ya kopo la maziwa, karibu na mlango.
Kabla sijawasha gari naisogeza ukutani kwake,
kra-kra-kra,
nangoja taa yake.